Maziwa ya Fundi wa Betri

Ukitaka kumjua Fundi wa betri, anza na ufagio wake. Alifagia kibanda kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, akianzia kona ya ndani akija nje, polepole, kama mtu anayechana nywele za mtoto. Vumbi lake lilikuwa la kijivu, laini kuliko unga wa uji. Lilitoka mlangoni kwake, likavuka mtaro, likaingia kwetu, kwa sababu hapa Kambi Muru mlango wake na wetu ilikuwa inatazamana.

Mama alikuwa anamwambia, “Fundi, leo tena umetuletea unga?”

Naye anajibu bila kuinua kichwa, “Mama Tito, mimi na uchafu hatuwezi lala nyumba moja.”

Na ni kweli. Sijawahi kuona mwanamume msafi kama yeye. Alinawa mpaka kwenye viwiko, na sabuni, kabla ya kula hata andazi moja. Jumapili alivaa kanzu nyeupe ya kanisani kwao, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Ovaroli ya kazi alimpa Mama amfulie, na Mama aliifua kwa beseni letu kubwa, lile la kumwogeshea Tito. Maji yalitoka meusi yanayometameta, kama mtu ameyachora na penseli.

Jina lake silijui. Kila mtu alimwita Fundi, hata pasta wake. Naandika habari zake hapa kwa daftari kwa sababu mimi si mtu wa kuongea. Niko Form Two na kuna mwalimu ambaye mpaka leo akiita majina ananiandika sijafika, nami niko hapo mbele yake, nimesema “niko” lakini kwa tumbo. Fundi alinipenda kwa hiyo sababu. Alisema mimi ni kama redio iliyozimwa, unaweza kuiweka karibu ukafanya kazi yako. Basi alikuwa akiongea, mimi nasikiliza, na mengi ninayoyajua juu yake niliyasikia hivyo, nikiwa nimekaa kwa kizingiti chetu na kitabu cha Kemia ambacho sikuwa nasoma.

Kazi yake ilikuwa hivi. Aliletewa betri za magari zilizokufa. Zile zilizokuwa na maisha kidogo alizifufua, akawauzia watu ambao hawana stima na wanataka kuona TV. Zile zilizokufa kabisa alizipasua na nyundo, akatoa risasi ndani, ile madini ya kijivu, akaiyeyusha kwa karai juu ya jiko la makaa. Kisha aliimwaga kwa mchanga wenye mashimo madogo aliyoyabonyeza na kidole. Ikipoa ilikuwa vipande vya uzito wa kufunga kwa nyavu, navyo alivituma kwao ziwani kwa basi. Alisema ukila samaki wa ziwa popote hapa Nairobi, iwe Kawangware, iwe Olympic kwa wenye mageti, ujue kidole chake kimepita hapo.

“Moto ni kama askari,” aliniambia siku moja. “Usimkimbie, usimzoee.”

Alikuwa mkali kwa watoto kuhusu ule moto. Ukipita mstari aliochora na chaki mlangoni, ulifukuzwa na kijiti. Alichukia pia sigara. Kuna kijana alikuja kuuza betri akiwa anavuta, Fundi akamwambia, “Zima hiyo kitu, hapa kuna mapafu ya watoto.” Alisema hayo amesimama kwenye moshi wa karai, moshi mzito wenye harufu kama ya sarafu ukiiweka kwa ulimi. Kijana alimwangalia, akaangalia moshi, akazima. Hakuna mtu alicheka. Sisi tulikuwa tumeshazoea.

Halafu kuna maziwa.

Fundi aliamini maziwa yanaosha. Hiyo imani si yake peke yake, waulize wachomeleaji na wapaka rangi wote unaowajua, watakuambia ukimeza moshi kunywa maziwa. Lakini yeye aliishika kama dini ya pili. Kila jioni, makaa yakiwa yamepoa kidogo, alitoa karai akaweka sufuria kwenye lile lile jiko, akachemsha maziwa, akaita watoto wa ploti. Hapo mstari wa chaki ulikuwa haufanyi kazi. Walikaa ndani kwenye maganda ya betri yaliyogeuzwa, kila mmoja na kikombe. Vikombe vilikuwa vinakaa kwenye rafu juu ya benchi la kazi, vimepangwa vizuri, na kabla ya kumimina Fundi alikuwa anakipuliza kila kimoja ndani, fuu, kutoa vumbi.

“Kunyweni yote,” alisema. “Maziwa inaosha. Mimi nimevuta huu moshi tangu nywele zikiwa nyeusi, na mniangalie.”

Walikuwa wakimwangalia. Mimi pia nilimwangalia. Kwenye fizi, pale meno yanapoanzia, alikuwa na mstari wa rangi ya samawati iliyokolea, kama mtu aliyekula kalamu. Nilifikiri ni mambo ya uzee.

Mdogo wangu Tito hakukosa maziwa hata jioni moja. Fundi alimpenda Tito kupita wote. Alimtengenezea samaki mdogo wa risasi, akamchongea jicho na msumari. Tito alilala naye. Alienda naye shule. Alimweka mdomoni kama peremende, shavu moja limejaa.

“Toa hiyo kitu kwa mdomo,” Mama alimwambia.

“Lakini iko tamu,” Tito alisema.

Mama alicheka, akasema huyu mtoto akikosa nyama ataramba kufuli.

Tito alisoma mapema. Kabla hajaingia Grade One alikuwa anasoma majina ya vibanda kwa sauti, Mama akimbeba mgongoni, salon, kinyozi, mayai boilo. Mwaka huu alianza kupotea. Sijui niseme vipi. Unamtuma chumvi anarudi amesimama mlangoni, mikono mitupu, anakuangalia kama wewe ndiye umesahau. Tumbo lilimuuma, choo hakipati, usiku analia. Herufi alizokuwa anazijua zikamtoka. Mwalimu wake alimwambia Mama mtoto amekuwa mvivu na ana hasira, na Mama akamchapa kwa hiyo. Fundi akaja mlangoni kwetu akasema, “Mama Tito, usimchape. Huyo ana minyoo. Mwongezee maziwa.” Na akamwongezea.

Kulikuwa na vitu vingine, nikivikumbuka sasa naona vilikuwa vinatuambia. Paka wa Fundi hawakukaa. Kila paka alimwita Njugu, na Njugu mmoja akifa kwa kutetemeka, alitafuta mwingine akampa jina lile lile, hata hakuhuzunika sana. Bata wa Mama Shiko, jirani wetu wa upande wa choo, walikuwa wanakunywa kwa mtaro. Walianza kutembea kwa kuzunguka, shingo zimelegea, mpaka wakaanguka. Mama Shiko alisema ni mtu amewarogea bata wake, akamtaja dada yake. Nyuma ya kibanda cha Fundi hapakumea hata ile nyasi ya kukera. Na Fundi mwenyewe koleo ilianza kumponyoka. Alikuwa anaiokota akicheka, “Mkono umekataa kazi, unataka likizo.”

Sista alikuja wakati wa likizo ya Aprili. Ni muuguzi wa zahanati moja huku, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, anayeongea na kila mtu kama wamesoma pamoja. Aliita mkutano kwenye uwanja mdogo karibu na bomba, akasema wanapima watoto na wakubwa waone kama madini ya risasi imeingia kwa miili, kwa sababu sehemu kama hizi zenye kuchoma betri wameanza kuona watoto wagonjwa.

“Ni mkojo tu,” alisema. “Damu ndiyo inasema vizuri zaidi, lakini najua mkiona sindano mtanikimbia. Tuanze na mkojo. Atakayetutia wasiwasi, tutamwomba damu.”

“Na hawa wasichana wakubwa?” Mama Shiko akauliza. “Si mnataka kuwapima ball, kama wako na mimba, halafu mnasema ni risasi?”

Watu walicheka na macho yote yakanijia. Nilitamani mtaro unimeze.

“Mimi naogopa mkojo wangu upelekwe mahali sijui,” mwanamke mwingine alisema. “Mtu akiwa na mkojo wako ako na wewe.”

Watu wakaanza kusogea pembeni, kama wanaotaka kuondoka. Ndipo Fundi akasimama. Alikuwa ndani ya ovaroli, mikono ameinawa.

“Mama Shiko, mkojo wako ni dhahabu? Kila siku unaumwaga hapo nyuma bure na hakuna mtu amekuja kuuiba.” Watu wakacheka tena, safari hii kwa raha. “Toeni. Mimi ndiye nachoma hiyo risasi, na mimi ndiye nawaambia toeni. Wakipata kitu, watupatie dawa. Wasipopata, waache kutusumbua.”

Yeye ndiye alifanya ploti yetu ikubali. Nataka hilo liandikwe. Alichukua chupa kutoka kwa Sista akazigawa mwenyewe, chupa ndogo za plastiki zenye kifuniko cha rangi ya chungwa. Moja akaiweka kwa mfuko wake.

Lakini Fundi alielewa kupimwa kama anavyoelewa mtihani, kwamba lazima ujitayarishe upite. Jioni hiyo alichemsha maziwa mara mbili. Alipita mlango kwa mlango na mtungi wa maji ya kunywa. “Kesho msiaibishe ploti. Kunyweni mpaka mkojo utoke mweupe.” Mama zetu wakaona ni busara. Nani anataka kupeleka kitu kichafu kwa daktari? Hata nyumba unaifagia mgeni akija. Sisi watoto tulikunywa maji mpaka tumbo likawa linapiga kelele tukitembea. Tito alikunywa maziwa mpaka akatapika, akapewa mengine.

Asubuhi chupa zetu zilikaa kwenye benchi la Fundi, zimejaa, zinang’aa. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kwazo. Sista aliinua moja kwenye mwanga, akaanza kucheka, kisha uso ukabadilika.

“Hii ni mkojo ama ni maji ya bomba?”

Watu wakamwangalia Fundi.

“Ni mimi niliwaambia wakunywe,” alisema, kwa fahari kidogo. “Si ulitaka mkojo safi?”

“Nilitaka mkojo wao,” Sista akasema.

Alizibeba hivyo hivyo. Maabara ikazirudisha, ikasema mkojo mwepesi hivyo hausomeki. Ikabidi turudie, wa kwanza kabisa wa asubuhi, kabla ya kunywa chochote. Sista alikaa mlangoni mwa kila mtu akitungoja, na mimi nilisimama chooni nikisikia raba zake zikisogea nje, mkojo ukakataa kutoka kwa aibu, mpaka akaanza kuimba wimbo wa kanisa ili nisione haya. Nilimpenda kwa hilo.

Majibu ya watu wengi aliyasema akiwa amesimama. Kwetu aliingia akaomba kiti. Nilijua hapo.

“Ya huyu msichana iko juu kidogo,” alimwambia Mama. “Ya Tito siipendi. Nataka damu.”

Damu ilisema kitu kile kile, ila kwa nguvu. Sista alirudi, akakaa kwenye kile kiti tena.

“Huyu mtoto hushinda wapi?”

Tito mwenyewe akajibu. “Kwa Fundi. Kwa maziwa.” Na ili amwonyeshe, akamtoa samaki wake shavuni, analowa mate, akamnyooshea.

Sista hakumshika na mkono. Alitoa karatasi kwa mkoba, akamfunga ndani.

“Kwani maziwa yake iko na sumu?” Mama aliuliza.

“Maziwa haina shida, mama. Shida ni pale inanywewa. Hiyo vumbi inakaa kwa kikombe, kwa nguo, kwa vidole, halafu vidole vinaenda kwa mdomo. Hata hapa kwako iko. Usifagie kavu tena, pangusa na kitambaa kilicholowa.”

Mama aligeuka akaangalia beseni. Liliegemea ukuta na mviringo wa kijivu ndani.

“Itatoka?”

“Asipoongezewa nyingine, itapungua polepole. Ile imeshagusa kichwa,” Sista akaangalia viatu vyake, “siwezi kukuahidi itarudi yote.”

Tito alikuwa anauliza samaki wake anapelekwa wapi.

Nikamngoja Fundi akasirike, akatae, atupigie kelele. Hakufanya hivyo. Sista alimweleza mlangoni kwake, nami nilikuwa kizingitini kama kawaida. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliomba aambiwe tena kuhusu vikombe. Kisha akasema, “Lakini mimi nilikuwa nawaosha.” Jioni hiyo hakuchemsha maziwa. Watoto walikuja wakasimama kwenye mstari wa chaki, wakangoja, wakarudi nyumbani.

Chupa yake mwenyewe hakuijaza. Sista aliiomba mara nyingi. Aliona ule mstari wa fizi, aliona koleo ikianguka, akasema kati ya watu wote wa Kambi Muru huyu mzee ndiye angependa kumpima kwanza. Fundi alisema kesho. Akaweka misumari ndani ya ile chupa, ikakaa kwenye rafu pamoja na vikombe.

Siku moja akaniambia, bila mimi kuuliza, “Wewe huongei ndiyo maana nakuambia. Nikitoa mkojo, wataniambia niache. Sasa nikiacha nitakuwa nani? Mtu wa kukaa?” Alijaribu kufunga kamba kwenye vipande vya nyavu, vidole vikawa vinapita kando ya tundu. “Na nikijua yangu ni mbaya, nitakuwa nimejua ya Tito.”

Wiki ile ile alihama. Tulikuwa kanisani. Tuliporudi kibanda kilikuwa wazi, kimefagiwa, hata mchanga ameubeba. Kwenye kizingiti chetu aliacha pakiti ya maziwa, imefungwa. Mama aliishika juu juu na vidole viwili akaitupa kwa mtaro.

Ni mtu wa kanisani kwao aliyemwona Kawangware, pale stage ya 56, nyuma ya duka la hardware, kwenye ploti ya mama mmoja mwenye nyumba nyingi. Sista aliposikia alileta chupa nyingine. Alisema siku hizi hana mtu wa kumtuma huko, lakini mzee kama huyo akikaa hivyo atapoteza mikono, kisha akili. Mama akaniambia, “Enda wewe. Huongei, hatakuogopa.”

Nilienda Jumamosi. Nilipita salon, nikapita mabati na misumari ya hardware, na kabla sijaona kitu nilisikia ile harufu ya sarafu. Mlangoni, mwenye ploti, mama mnene mwenye leso kichwani, alikuwa anachambua mboga.

“Unatafuta mzee wa betri? Ako nyuma. Mwambie moshi imezidi, hata mimi nimekohoa. Lakini ni mzee mzuri, ananilelea mjukuu mchana mzima.”

Alikuwa amekonda. Kiganja cha kulia kilining’inia kutoka kwa kifundo kama mkono wa shati lililoanikwa. Alinitazama kwa muda, nikaona ananitafuta ndani ya kichwa chake na hanipati.

“Niko sawa Fundi?” nilimuuliza, upuuzi mtupu, nilitaka kusema uko sawa.

Akacheka. Kicheko kilikuwa chake bado. “Redio,” alisema. “Redio yangu. Umekuja.”

Niliongea. Nafikiri hiyo ndiyo hotuba ndefu niliyowahi kutoa. Nikamwambia Tito bado anachanganya herufi lakini tumbo limepoa. Nikamwambia Sista hana hasira, anataka kumsaidia na mikono yake, anataka mkojo kidogo tu, na mtu mzima akijua mapema ni vizuri. Nikampa chupa. Alishindwa kufungua kifuniko. Nikamfungulia. Alitingisha kichwa, ndiyo, ndiyo, akaingia nayo nyuma ya bati, na mimi nikageuka nikaangalia pembeni kwa heshima.

Hapo ndipo nikawaona. Watoto wawili, wamekaa kwenye maganda ya betri. Mmoja alikuwa msichana mdogo mwenye leso ya kitambaa kile kile cha yule mama wa mboga. Kila mmoja na kikombe. Midomo yao ilikuwa myeupe.

“Babu hutupatia,” msichana aliniambia. “Inaosha.”

Fundi akarudi. Chupa alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, kama kitu cha kanisani, na ilikuwa ya moto nilipoipokea. Ilikuwa imejaa maziwa.

“Mpelekee Tito,” alisema. “Mwambie amalize yote. Alikuwa na tumbo, yule.”

Sikuweza kumrudishia. Sikuweza kumwambia tena, kwa sababu macho yake yalikuwa yamefurahi sana, na nilijua nikimwambia mara ya pili ataitikia tena ndiyo, ndiyo. Nilisema asante. Nikafunga kifuniko.

Mlangoni mama alikuwa amemaliza mboga, ameingia ndani, pazia limeshuka. Nilisimama hapo. Ningeweza kuendelea mpaka barabarani, hakuna mtu angeniuliza. Mimi hupita milango ya watu nikiwa nimeinama. Nyuma yangu, kule kwenye kibanda, nikasikia ufagio umeanza, kutoka kona ya ndani ukija nje, polepole, na chupa ilikuwa bado inanichoma kiganja.

“Hodi,” nilisema. Haikusikika. Nikasema tena.

“Nani?”

“Ni mimi. Wa Fundi.” Pazia likafunguka. “Mama, mjukuu wako atoke pale. Niruhusu niingie nikueleze.”